Nani Kasema Washindi Ndio Huandika Historia?

Anzisha mjadala wowote wa historia, iwe barazani, kwenye daladala au katika kundi la WhatsApp, na kabla hujafika mbali atajitokeza mtu wa kuufunga kwa sentensi moja: "Historia huandikwa na washindi." Akishaitamka anaegemea kiti, wenzake wanatikisa vichwa, na mambo yamekwisha. Haulizwi historia ipi, washindi gani, waliandika lini, na walichoandika kilisomwa na nani. Kila mmoja anaondoka na ujinga aliokuja nao, tena sasa anajiona mjanja.

Nasema msemo huo ni uongo. Ni uvivu uliovaa koti la hekima, na madhara yake ni makubwa: umewafanya watu wazima, wenye shahada zao, waamini kwamba simulizi ya aliyeshindwa ni lazima iwe ukweli uliofichwa. Shahidi wangu ni mtu mmoja ambaye wasomaji wengi hawajapata kumsikia, na kutomsikia huko ni sehemu ya ushahidi. Anaitwa Adelbert Ames, ofisa wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Upande wake ulishinda vita. Yeye mwenyewe akashinda chaguzi mbili, moja kwa kura za wabunge na nyingine kwa kura za wananchi. Halafu kwa karibu miaka mia, sifa zake zikasimuliwa na watu waliomchukia.

Alizaliwa mwaka 1835 katika pwani ya Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, mahali panapoitwa Rockland leo. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu, na kijana naye akaonja kazi ya baharini kabla ya kuingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1856. Alihitimu Mei 1861 akiwa wa 5 kati ya wahitimu 45, wiki chache tu baada ya mizinga ya Kusini kuishambulia ngome ya Fort Sumter na kuanzisha vita. Hakupata muda wa kupumua. Tarehe 21 Julai alikuwa Bull Run, kwenye pigano kubwa la kwanza la vita hivyo, akiongoza sehemu ya kikosi cha mizinga, na risasi ikampasua paja. Akakataa kuondolewa. Askari wake wakampakia juu ya sanduku la baruti lenye magurudumu, akakaa pale akitoa amri mpaka nguvu za kuketi zikamwishia. Kwa ushujaa huo alipewa Nishani ya Heshima, lakini mwaka 1894, miaka 33 baadaye. Ushike mwaka huo, una kazi huko mbele.

Agosti 1862, akiwa na miaka 26, alikabidhiwa ukanali wa kikosi kipya kutoka kwao, Kikosi cha 20 cha Maine. Walikuwa wakulima, wavuvi na wakata magogo ambao hawakujua kulia na kushoto kwa kijeshi. Aliwachezesha kwata hadi wakamchukia. Barua walizopeleka nyumbani zilimlaani. Msaidizi wake alikuwa profesa wa chuo aitwaye Joshua Chamberlain, aliyekuwa mgeni wa mambo ya jeshi kama wale wavuvi, na ni Ames aliyemfundisha. Julai 1863, katika pigano la Gettysburg, kikosi hicho kilishikilia kilima cha Little Round Top, na risasi zilipopungua kikateremka na singe. Ames wakati huo alikuwa ameshapanda cheo na kuwa brigedia jenerali. Siku ileile alikuwa sehemu nyingine ya uwanja, amerithi divisheni iliyovunjwa jana yake, akiikaza ishike Cemetery Hill.

Leo Chamberlain ana riwaya, ana filamu, ana watalii wanaokwea kile kilima kwa ajili yake. Ames hana. Na hawa wote ni washindi, wa kikosi kimoja, mwalimu na mwanafunzi wake. Kilichowatenganisha ni kwamba Chamberlain kabla ya vita alikuwa akifundisha ufasaha wa lugha, na baada ya vita aliishi karibu nusu karne akihutubia na kuandika juu ya siku zile, ilhali Ames hakuacha kitabu cha kumbukumbu zake. Tazama: hata kabla hatujawagusa walioshindwa, msemo wetu umeshaanza kuchechemea.

Tena nitathubutu kusema kwamba kama Ames angeuawa Januari 1865 pale Fort Fisher, ambapo divisheni yake ilivamia ngome iliyolinda bandari kubwa ya mwisho ya Kusini, angekuwa na sanamu. Kosa lake ni kuishi, na kudhani kwamba ushindi ulikuwa na maana.

Mwaka 1868 jeshi lilimteua kuwa gavana wa muda wa Mississippi, jimbo la Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa Kusini iliyojitenga. Sensa ya 1860 ilikuta humo watu wapatao 791,000. Zaidi ya 436,000 kati yao walikuwa watumwa. Sasa hao walikuwa huru, wana haki ya kupiga kura, na jenerali mwenye miaka 32 ndiye aliyepaswa kuhakikisha kura hiyo si karatasi tu. Ames hakwenda huko na moto wa wahubiri waliopinga utumwa. Alikuwa mwanajeshi aliyepewa kituo. Ilikuwa huko, akiona yanayotendeka, ndipo alipoanza kujiona ana utume, kama alivyokuja kulieleza Bunge la Seneti baadaye. Napenda sana jambo hili kwake. Wengi huingia katika kazi ya namna hiyo na imani kubwa wakaipotezea njiani. Huyu aliiokota njiani.

Aprili 1869 alimteua kijana wa Natchez aitwaye John Roy Lynch kuwa hakimu mdogo. Lynch alikuwa na miaka 21. Alizaliwa mtumwa, na elimu yake aliichota hapa na pale baada ya vita huku akifanya kazi ya studio ya picha. Kufika 1872 alikuwa Spika wa bunge la jimbo, na 1873 akaingia Bunge la Marekani. Msikariri jina la Lynch kwa heshima tu, nitamhitaji.

Bunge la Mississippi lilimpeleka Ames katika Seneti mwaka 1870, pamoja na Hiram Revels, Mweusi wa kwanza kuketi humo. Mwaka 1873 akagombea ugavana dhidi ya James Alcorn, tajiri wa mashamba aliyewahi kuwa jenerali wa Kusini, akamshinda vizuri. Waliompigia kura wengi walikuwa watu ambao miaka minane nyuma walihesabiwa kama ng'ombe kwenye daftari la bwana.

Hapa ndipo inapoingia ile picha ambayo vizazi vya Wamarekani vilifundishwa: Wakaskazini wenye tamaa, "wabeba begi", walioshuka Kusini na begi tupu, wakalijaza kwa wizi, wakaondoka, na nyuma yao Weusi wajinga wakipiga kura walivyoamriwa. Ames akawekwa mstari wa mbele katika picha hiyo. Aliiba nini? Hakuna aliyepata kuonyesha. James Garner, mwanahistoria wa Mississippi aliyetoa kitabu chake mwaka 1901, tena akiwa amelelewa na walimu wasioipenda hata kidogo serikali ya Ames, alikiri kwamba mtu huyu binafsi alikuwa mwaminifu. Waliomng'oa Ames kwa madai ya kusafisha serikali walimweka mweka hazina wao, William Hemingway, aliyeshika ufunguo hadi 1890. Alipotoka, zaidi ya dola 315,000 hazikuonekana. Huyo hakuitwa mbeba begi. Alikuwa mwenyeji.

Ames aling'olewaje? Kwa bunduki, wala haikufichwa. Desemba 1874 huko Vicksburg, Wazungu wenye silaha walimlazimisha sherifu Mweusi kujiuzulu. Watu wake walipokuja kumtetea wakapigwa risasi, na wauaji wakaendelea kuwawinda mashambani siku zilizofuata. Septemba 1875, katika mkutano wa kampeni mjini Clinton, yakazuka mapigano, kisha makundi ya Wazungu yakazunguka vijijini kuua walimu, viongozi na yeyote aliyejulikana kupiga kura. Ames akaomba jeshi kutoka Washington. Rais alikuwa Ulysses Grant, mkuu wa majeshi wa zamani wa Kaskazini, mshindi wa washindi. Jibu lililomfikia kupitia mwanasheria mkuu lilikuwa kwamba wananchi wamechoshwa na machafuko haya ya Kusini ya kila msimu wa vuli. Lynch anasimulia katika kitabu chake kwamba Grant alimweleza sababu halisi: wanasiasa wa Ohio walimwendea wakamwambia kwamba wanajeshi wakipelekwa Mississippi, chama chao, ambacho ndicho cha Ames pia, kitapoteza Ohio.

Kwa hiyo Mississippi ikauzwa kwa Ohio. Oktoba hiyo Ames alimwandikia mkewe kwamba kabila zima la watu linanyang'anywa kura kwa nguvu ya silaha na linarudishwa utumwani kwa mara ya pili. Novemba kura zikapigwa. Katika kaunti ya Yazoo, yenye Weusi wengi kuliko Wazungu, chama cha Ames kilipata kura 7. Saba. Bunge jipya lilimwondoa kwanza makamu wa gavana, Alexander Davis, kwa kuwa alikuwa Mweusi na ndiye angerithi kiti, kisha likamgeukia Ames mwenyewe. Tarehe 29 Machi 1876 alijiuzulu kwa makubaliano kwamba mashtaka yafutwe, akaondoka.

Alikwenda Northfield, mji mdogo wa Minnesota ambako baba yake na kaka yake walikuwa na kinu cha unga. Hata huko Kusini ilimfuata. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo wapanda farasi wanane walivamia benki ya mji. Lilikuwa genge la Jesse James na ndugu wa familia ya Younger, waliojifunza kuua wakiwa wapiganaji wa vichakani wa upande wa Kusini. Karani wa benki aliyekataa kufungua sefu aliuawa, wenyeji wakatoka na bunduki, majambazi wawili wakabaki wamelala barabarani, na akina Younger watatu wakakamatwa wiki mbili baadaye. Cole Younger alisema waliichagua benki hiyo kwa sababu walisikia Ames na baba mkwe wake, jenerali Benjamin Butler, wameweka fedha humo.

Haya, msomaji wangu: kati ya jenerali aliyetetea haki ya watu kupiga kura na jambazi aliyekuja kuiba alichodhani ni fedha za jenerali huyo, nani unamjua kwa jina? Jesse James ametungiwa nyimbo na kutengenezewa sinema hata zimechosha kuhesabu. Na wengi wa wanaomwimba hawajui kwamba alikuwa upande gani wa vita.

Sasa tuwaangalie waandishi wenyewe. Alexander Stephens, makamu wa rais wa Kusini, alisimama Savannah Machi 1861 akatangaza hadharani kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya imani kwamba Mweusi si sawa na Mzungu, na kwamba utumwa ndio hali yake ya asili. Vita vikaisha, akashindwa, na kuanzia 1868 akatoa kitabu kikubwa kueleza kwamba ugomvi ulikuwa wa katiba na mamlaka ya majimbo. Mtu yuleyule, mdomo uleule. Mhariri wa Richmond, Edward Pollard, alikuwa amemtangulia kwa kitabu alichokitoa 1866, kabla hata makaburi hayajaota nyasi vizuri. Majenerali walioshindwa wakaanzisha chama chao cha historia mwaka 1869, wakatoa majarida, wakapangua kila pigano upya mpaka ikaonekana hawakushindwa na mtu bali na wingi wa viwanda. Mwaka 1894 mabinti wa Kusini wakaunda chama chao, wakachangisha fedha za sanamu, wakaketi kwenye kamati za vitabu vya shule. Mwanahistoria wao, Mildred Rutherford, alitoa kijitabu cha kuwaelekeza walimu vitabu vipi vikataliwe. Na maktaba zikaagizwa kuandika onyo kwenye kitabu chochote kisichoitendea Kusini haki.

Ni mwaka huohuo wa 1894 ambao Ames alipewa nishani yake ya Bull Run. Na ni mwaka huohuo Mississippi ilipochukua bendera mpya yenye alama ya vita ya Kusini kwenye pembe yake. Bendera hiyo ilipepea hadi 2020. Linganisha uzito: mshindi kapata kipande cha chuma cha kuweka kabatini, aliyeshindwa kapata bendera juu ya kila shule.

Msinidhanie nasema hayo yalifanyika Kusini tu, gizani. Kiwanda kikubwa cha historia hii kilikuwa Chuo Kikuu cha Columbia, katikati ya New York, jiji la washindi, chini ya profesa William Dunning, mzaliwa wa New Jersey. Wanafunzi wake waliandika kitabu cha jimbo moja baada ya jingine, na karibu vyote vikafikia hukumu moja: kuwapa Weusi kura lilikuwa kosa. Mwaka 1915 filamu iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la kigaidi la Wazungu, ikaonyeshwa Ikulu ya Marekani. Mlango huo ulifunguliwa kutoka ndani.

Wala washindi hawakukosa karatasi. Mwaka 1876 Seneti iliunda kamati chini ya George Boutwell ichunguze uchaguzi wa Mississippi. Ikawahoji mashahidi, Weusi na Wazungu, ikachapa mabuku mawili mazito ya ushahidi wa kiapo: nani alimpiga nani risasi, wapi, nani aliona. Ames mwenyewe alitoa ushahidi. Kila kitu kimo, kwa gharama ya serikali, kwa mhuri wa serikali. Washindi waliandika, na kuandika hakukuwasaidia kitu, kwa sababu baada ya hapo hawakutaka tena kusoma. Walikuwa na reli za kujenga na hisa za kununua.

Lynch hakuchoka. Mwaka 1913, akiwa na miaka 66, alitoa kitabu akijibu uongo mmoja baada ya mwingine, akamtetea Ames kwa jina. Alikuwapo, aliketi kwenye kiti cha Spika, aliujua wizi uliokuwapo na uliozuliwa. Maprofesa hawakumjali. Msomi Mweusi W.E.B. Du Bois naye akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1935 na kuwaumbua maprofesa hao waziwazi katika sura ya mwisho. Jarida kuu la wanahistoria wa Marekani halikujishughulisha kukihakiki. Lynch alifariki Chicago tarehe 2 Novemba 1939. Wiki sita baadaye, Atlanta ilisimama kwa shangwe kuipokea filamu ya Gone with the Wind, iliyoitukuza Kusini ya zamani, na Hattie McDaniel, Mweusi ambaye angeshinda tuzo ya Oscar kwa kuigiza ndani yake, hakuwapo kwenye uzinduzi kwa kuwa ukumbi ulikuwa wa Wazungu.

Najua mjanja mmoja ameshainua mkono. Anasema: lakini hao wa Kusini walishinda mwishowe, 1876, kwa hiyo washindi ndio walioandika, msemo uko palepale. Hapo ndipo ninapomtaka. Kama mshindi ni yeyote ambaye simulizi yake imetawala, basi msemo wako unasema kwamba historia huandikwa na walioiandika. Hongera. Huwezi kushindwa katika hoja ya namna hiyo, na huwezi kujifunza lolote kutoka kwake. Tena Kusini ilikuwa ikiandika tangu 1866, wakati ambapo haikuwa imeshinda chochote. Kalamu ilitangulia bunduki za Clinton. Ndiyo iliyowafanya watu wa Ohio waone kwamba yanayotokea Mississippi ni fujo za vuli tu, kama mafua.

Aliyeshinda ana mengi ya kufanya. Aliyeshindwa ana jambo moja: kueleza kwa nini wanawe walikufa. Ana hamu, ana muda, ana soko la wajane na yatima wanaotaka kusikia kwamba hawakufa kwa ajili ya upuuzi. Hilo linaeleza mengi kuliko ule msemo.

Hata hapa kwetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilishindwa Afrika Mashariki. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alikabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 1918. Akarudi Berlin akapokewa kwa gwaride, mwaka 1920 akatoa kumbukumbu zake, na hadi leo utakuta watu, wakiwamo Waingereza waliompiga, wanamsifu kama jenerali asiyeshindwa ambaye askari wake walimpenda mpaka mwisho. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya pande zote mbili, na wakulima ambao chakula chao kilichukuliwa kikaacha njaa, hawana ukurasa mrefu katika kumbukumbu hizo. Nani alishinda pale, na nani aliandika?

Msemo huu ungekuwa mzaha tu kama usingekuwa na watumiaji wenye haja. Nimewasikia vijana wakimsafisha Idi Amin, dikteta wa Uganda, kwa sentensi ileile: alisingiziwa, historia huandikwa na washindi. Hawana kitabu, hawana shahidi, hawana jina la hata mmoja kati ya waliopotea Kampala. Wana msemo, na msemo unatosha, kwa kuwa unageuza ukosefu wa ushahidi kuwa ushahidi: kama hakuna maandishi yanayomtetea, ni dalili kwamba yamefichwa. Mabinti wa Kusini wangewaelewa vizuri sana. Nao walijiuza hivyohivyo, kama sauti ndogo iliyozibwa na Kaskazini yenye nguvu, huku wakiwa ndio wanaochagua kitabu cha darasa la tano.

Ames aliishi muda mrefu wa kutosha kuyaona mengi ya hayo. Alifanya biashara, akabuni vifaa, akarudi jeshini mwaka 1898 kupigana Cuba akiwa na miaka 62. Nyumba yake ikawa upande wa Lowell, mji wa viwanda vya nguo wa Massachusetts, jimbo ambalo mabibi zetu walivaa kitambaa chake cha merikani. Pamba ya viwanda vile ilikuwa imechumwa na watumwa wa majimbo kama Mississippi, na vita vilipozuka biashara ya kitambaa hicho huko Zanzibar ikaporomoka. Uzeeni akawa anakwenda Florida kucheza gofu na tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Alifariki Aprili 1933 akiwa na miaka 97, wa mwisho kufariki kati ya majenerali wa cheo kamili wa vita vile.

Mwaka 1956 seneta kijana wa Massachusetts, jimbo ambalo Ames amezikwa, alitoa kitabu kuhusu wanasiasa jasiri. Alikuwa John F. Kennedy, na kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Katika majasiri wake alimweka Lucius Lamar, mtu aliyeiandika hati ya Mississippi ya kujitenga na Muungano mwaka 1861. Ili Lamar ang'ae alihitajika mwovu, na mwovu akawa utawala wa Ames: hakuna jimbo, alidai Kennedy, lililoteseka kuliko Mississippi chini yake. Hakuwa na chuki na Ames. Alirudia tu alichofundishwa katika shule nzuri za Kaskazini.

Binti wa Ames, Blanche, msanii na mpigania kura za wanawake, alimwandikia barua akimtaka arekebishe. Akaandika tena. Akaendelea kuandika hata Kennedy alipoingia Ikulu, mpaka Rais, kama alivyosimulia mwandishi George Plimpton, mjukuu wa Blanche, akamvuta Plimpton pembeni katika sherehe na kumwomba amwambie bibi yake aache. Septemba 1962 rais huyohuyo alilazimika kupeleka maelfu ya wanajeshi wa serikali kuu katika mji wa Oxford, Mississippi, ili Mweusi mmoja, James Meredith, aingie chuo kikuu cha jimbo lake. Watu wawili waliuawa usiku ule. Ni aina ileile ya jeshi ambalo Ames aliliomba mwaka 1875 akanyimwa. Kennedy hakubadilisha mstari wa kitabu chake. Mwaka 1964 Blanche, akiwa na miaka 86, alichapisha wasifu wa baba yake uliozidi kurasa 600, na kukipata kitabu hicho leo inabidi uombe maktaba kubwa ikutafutie. Cha Kennedy kinauzwa kila mahali, na sura ya Lamar imo.